Nyama mmeitoa sawa, sasa mmeweka nini?

Ijumaa iliyopita tulitoka watu saba, mimi, mdogo wangu, wifi yangu na watoto wake wawili, na marafiki wawili wa kazini, njaa inauma kwelikweli, watoto washaanza kulilia chipsi, tukaingia kwenye mojawapo ya hii migahawa mikubwa ya baga yenye matawi kila kona. Jina silitaji kwa sababu tungeingia mlango wa jirani yake stori ingekuwa ileile. Wenzangu wakaoda fasta. Zamu yangu ilipofika nikamuuliza binti wa kaunta, "Mdogo wangu, kuna baga yoyote isiyo na nyama?" Akaangalia skrini, akashuka na kidole mpaka chini, akapanda tena juu, halafu akaniambia kwa upole kabisa, "Dada, tunaweza kukutolea nyama."

Nikasema sawa, nitolee.

Ilipokuja nikafungua boksi. Mkate una ufuta juu, chini umeshaloa sosi. Katikati jani moja la letusi limekunjamana, nyanya duara mbili, tango la siki vipande vitatu na mstari wa mayonezi ambao mimi siuli kwa sababu una yai. Kwenye risiti imeandikwa baga nzima kwa jina lake, chini yake kwa herufi ndogo "bila nyama", na bei ni ileile, hata senti haijapungua. Yaani nimelipia nyama iliyobaki jikoni kwao. Mtoto wa wifi, ana miaka saba, akachungulia boksi langu akaniuliza, "Shangazi, ya kwako wamesahau kuimalizia?"

Hilo swali limenikaa kichwani wiki nzima ndo maana naandika. Mi nyama niliacha miaka sita iliyopita, mayai na maziwa yakafuata baadaye kidogo, kwanza ni kwa ajili ya wanyama halafu mazingira, na sijawahi kumlazimisha mtu yeyote afanye kama mimi. Wenzangu wakila nyama mbele yangu tunakaa meza moja tunacheka vizuri tu. Watu huniambia mchagua jembe si mkulima, kama huli nyama si upike kwako. Nyumbani napika kila siku jamani, sio hapo penye shida. Shida ni kwamba hii migahawa ndo watu wanakutania siku hizi, mtoto akifanya birthday ni huko, timu ikishinda mechi ni huko, ukiwa safarini saa sita usiku ni hiyo tu taa yake inawaka, kwa hiyo wakikosa cha kukupa wewe hujakosa chakula peke yake, umekosa kukaa na watu wako, ama unakaa nao ukishika soda huku unaangalia saa.

Sasa nirudi Ijumaa. Baada ya kula nikaomba kuongea na meneja, sio kwa ugomvi. Kijana mstaarabu, akaja akakaa kabisa kwenye kiti. Nikamwambia kaka, nyie nyama mmeitoa sawa, ila hamjaweka chochote mahali pake. Akanijibu kitu ambacho sikuwa nimewahi kukifikiria. Akasema, "Dada, mimi nakuelewa, ila makao makuu wanaona kilichobonyezwa kwenye mashine. Wewe leo umehesabiwa kama mtu aliyenunua baga ya nyama." Nikanyamaza. Maana ni kweli. Mashine yao ina kitufe cha "bila nyama" na kitufe cha "bila vitunguu", haina kitufe cha "mteja alitaka kitu cha mimea akakosa". Na yule anayeuliza, akaambiwa hakuna, akageuka akaondoka na wenzake wanne, huyo hajaandikwa popote, hayumo kwenye hesabu ya siku wala ya mwezi. Halafu mkubwa mmoja huko juu anafungua ripoti anasema wateja wa vitu vya mimea hatuna. Watapatikanaje kwenye ripoti na kitu chenyewe hakiuzwi?

Na hapo kwa "wenzake wanne" ndo penye uzito wote kwa maoni yangu. Watu wakipiga hesabu ya wasiokula nyama wanahesabu vichwa, wanasema ni wachache. Lakini watu hawaendi kula kichwa kimoja kimoja. Wanaenda familia, wanaenda ofisi nzima, na kwenye kundi la watu saba akiwepo mmoja asiye na cha kula, kundi zima linatafuta pengine. Mmoja wetu anakula kuku tu, mwingine hali maziwa, mwingine anakula chochote, ila anayeamua tunakula wapi ni yule mwenye machaguo machache kuliko wote. Kwetu ni mimi. Wifi yangu siku hizi kabla hatujatoka ananiuliza, "Wewe wapi utapata?" na jibu langu linapeleka pesa ya watu saba mtaa mmoja au mwingine.

Hii sio nadharia yangu ya kujitungia, na mfano mzuri kuliko yote unatoka McDonald's wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kulikuwa na bwana mmoja anaitwa Lou Groen, ana tawi lake Cincinnati, Marekani, eneo lenye Wakatoliki wengi. Enzi hizo Ijumaa walikuwa hawali nyama. Kwa hiyo kila Ijumaa mauzo yake yalikuwa yanaanguka vibaya, watu wanaenda kwingine wanakouza samaki. Akatengeneza mkate wa samaki akaupeleka kwa bosi mkubwa, Ray Kroc. Kroc hakutaka, yeye alikuwa na wazo lake, alichukua kipande cha nanasi akakichoma akakiweka kwenye mkate na chizi, akakiita Hula Burger. Wakakubaliana vyote viwili viuzwe siku moja, Ijumaa Kuu ya 1962, kitakachoshinda kinaingia kwenye menyu. Samaki akauza 350. Nanasi likauza 6. Ndo Filet-O-Fish ikazaliwa na mpaka leo ipo.

Samaki sio mmea, najua, na mimi huyo samaki simli. Ila angalia vizuri kilichotokea pale. Kundi la watu lilikuwa linaondoka kimyakimya kila wiki, mwenye tawi akaliona kwa sababu alikuwa amesimama kaunta sio ofisini, na kilichowarudisha hakikuwa kitu chochote tu kisicho na nyama. Nanasi nalo halikuwa na nyama! Watu walitaka mlo, kitu chenye uzito mdomoni na tumboni, kilichotengenezwa na mtu aliyefikiria atakayekila. Ile baga yangu ya letusi ni ndugu wa lile nanasi kabisa, na makampuni mengi mpaka leo yanatuwekea nanasi halafu yanashangaa kwa nini linauza 6.

Ngoja niwape mfano wa McPlant, baga ya mimea ya McDonald's, maana ndo huo watu wanautupia usoni kila nikiongea haya. Ni kweli, McDonald's waliijaribu Marekani kuanzia mwisho wa 2021, mwaka uliofuata wakaipeleka kwenye matawi kama 600 upande wa San Francisco na Dallas, haikuuza walivyotaka wakaitoa, na mkubwa wao wa Marekani alisema wazi mwaka 2024 kwamba majaribio hayakufanikiwa. Sawa. Lakini Uingereza baga yenye jina hilohilo iliingia matawi yote Januari 2022 ikakaa kwenye menyu. Tofauti ni nini? Sababu zote hakuna mtu mmoja anayezijua, ila mimi kama mlaji moja naiona bila miwani. Ile ya Marekani ilikuja na chizi ya maziwa na mayonezi ya yai, na ilipikwa kwenye grili moja na nyama. Ile ya Uingereza ilikuja na chizi ya mimea, sosi ya mimea, ikapikwa kwa vyombo vyake. Sasa mtu kama mimi ya kwanza ningeinunuaje? Asiyekula nyama haimfai, na mla nyama ana baga yake ya siku zote pale pembeni, kwa hiyo imetengenezwa kwa ajili ya nani hasa.

Hii habari ya grili watu wanaiona ni madeko lakini sio. Burger King walipoanza kuuza Impossible Whopper, baga yao ya mimea, Marekani nzima Agosti 2019, kile kipande cha mimea kilikuwa kinapita kwenye grili ileile ya nyama mpaka mteja aombe kipikwe pembeni, na mayonezi ilikuwepo kama kawaida. Kuna watu hawajali na ni haki yao. Ila kuna mwingine ni imani yake ya dini, na huyo anatakiwa aambiwe kabla hajalipa, sio agundue baadaye. McDonald's Marekani walibadilisha mafuta ya kukaangia chipsi mwaka 1990, wakatoka kwenye mafuta ya ng'ombe wakaenda ya mimea, watu wakafurahi wakala kwa amani, kumbe ndani ya chipsi bado kulikuwa na kionjo kinachotokana na ng'ombe. Ikaenda mpaka mahakamani na mwaka 2002 wakakubali kulipa dola milioni 10 na kuomba radhi. Fikiria mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kugusa ng'ombe, kala hizo chipsi miaka kumi. Mimi hiyo inaniuma hata kama hainihusu.

Na wanaosema kutenganisha jikoni haiwezekani, inawezekana. McDonald's hiyohiyo ilipoingia India mwaka 1996 iliingia bila nyama ya ng'ombe kabisa, ikaweka baga ya viazi na njegere, na jiko likagawanywa, upande wa mboga na upande wa nyama, kila upande na vyombo vyake. Walijua wateja wa kule hawatakubali vinginevyo kwa hiyo ikawezekana.

Kitu kingine, bei. Mnisamehe hapa nitaongea kwa uchungu kidogo. Unaenda mahali baga ya mimea ni ghali kuliko ya nyama, kahawa ya maziwa ya soya inaongezewa hela, halafu wanasema watu hawataki. Mtu ambaye hajawahi kujaribu, ana hela ya mlo mmoja, kwa nini alipe zaidi kujaribu kitu asichokijua? Ukitaka watu wajaribu usiwatoze faini. Na wengine wameshaelewa. Starbucks, wale wauza kahawa, waliondoa nyongeza ya bei ya maziwa ya mimea Uingereza mwanzoni mwa 2022, na Marekani na Kanada wakaiondoa Novemba 2024, baada ya watu kuipigia kelele miaka na miaka. Burger King Ujerumani mwaka 2024 walifanya vitu vyao vya mimea viwe na bei ya chini kidogo kuliko vya nyama. Hiyo ndo ninayoitaka mimi kila mahali, mlaji asimame kaunta achague kwa mdomo wake sio kwa pochi yake.

Halafu sio lazima kila kitu kiwe teknolojia. Nazipenda hizo baga za kisasa, ile ya Beyond ya protini ya njegere, ile ya Impossible yenye soya ambayo wanaiwekea kitu kinaitwa hemu kinachotengenezwa na hamira ili iwe na ladha na rangi ya damu, ni kazi kubwa ya sayansi na imefungua milango mingi. Lakini mimi binafsi ningefurahi zaidi na maharage. Maharage yaliyopondwa vizuri, yakatiwa kitunguu saumu na viungo, yakakaangwa nje yakakauka ndani yakabaki laini. Uyoga mkubwa uliochomwa mpaka maji yake yakakauka. Taco Bell, migahawa ya Marekani ya vyakula vya Kimeksiko, wanakuruhusu kutoa nyama kwenye karibu kitu chochote ukaweka maharage, hawakuvumbua kitu, maharage yalikuwa jikoni tayari, wamekubali tu yakae mahali pa nyama. Ona hiyo tofauti ya neno moja. Kwa yule binti wa kaunta ilikuwa "tunakutolea", kwao ni "tunakubadilishia".

Na hao hao Taco Bell ndo ushahidi wangu kwamba kuuliza kunasaidia. Mwaka 2020 walipunguza menyu wakatoa viazi, na viazi ndo vilikuwa kimbilio la wengi wasiokula nyama. Watu wakalalamika, wakaandika, wakapiga kelele mitandaoni bila kuchoka, na Machi 2021 viazi vikarudi. Viazi tu! Lakini vilirudi kwa sababu watu walivitaja kwa jina, hawakusema "tuongezeeni vitu vizuri", walisema rudisheni viazi.

Kuna utafiti mmoja naupenda sana, ulifanywa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, ukatoka 2019. Waliangalia migahawa mitatu ya vyuo, zaidi ya milo 94,000. Hawakumhubiria mtu, hawakubandika picha ya ng'ombe analia. Walichofanya ni kwenye vyakula vinne vya siku, badala ya kimoja kuwa cha mboga wakaweka viwili. Basi. Mauzo ya vyakula vya mboga yakapanda kati ya asilimia 41 na 79, na mauzo kwa ujumla hayakuyumba. Na waliobadilika zaidi ni wale waliokuwa wanakula nyama karibu kila siku, sio watu kama mimi. Hicho kipande ndo nampa kila anayeniambia hivi vitu ni vya kundi dogo. Mtu anakula kilichopo mbele yake. Mdogo wangu anapenda nyama kuliko mtu yeyote ninayemjua, lakini siku tulipopata mahali pana baga ya maharage inayonukia aliimaliza yangu nusu nikabaki namuangalia.

Afya sitaiongelea sana. Baga ya mimea ya kwenye migahawa hii ina chumvi nyingi na mafuta vilevile, msidanganyike kwamba ni dawa, ni baga. Kuhusu mazingira naamini inasaidia, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2013 walisema mifugo inachangia asilimia 14.5 ya gesi zinazopasha dunia joto zinazotokana na binadamu, na ng'ombe ndo anabeba sehemu kubwa ya hizo. Kampuni inayouza mamilioni ya baga kila siku ikihamisha hata baga moja kati ya kumi ni kitu kikubwa kuliko mimi kukaa bila nyama maisha yangu yote, na hiyo huwa inanipa moyo badala ya kunikatisha tamaa.

Sasa kama na wewe unataka hiki kitu, hata kama unakula nyama, naomba tufanye hivi. Ukifika kaunta uliza kwa sauti, kwa upole, kila mara, hata kama jibu unalijua, "mna kitu gani cha mimea?" Yule binti hana kosa, usimkaripie, mshahara wake haupangi menyu. Lakini ukitoka ingia kwenye ile programu yao ya simu au ile anwani iliyo chini ya risiti, uandike siku, saa, tawi, mlikuwa watu wangapi, na mliondoka au mlibaki. Hicho cha watu wangapi usikisahau, ndo kinamfanya mtu wa hesabu ainue kichwa. Sema unachotaka kwa jina, baga ya maharage, sosi isiyo na yai, kikaango chake. Na wakikiweka, nendeni mkakinunue, sio wiki ya kwanza ya picha tu. KFC walijaribu kuku wa mimea Atlanta Agosti 2019 kwenye tawi moja, foleni ikazunguka jengo, vikaisha ndani ya saa tano. Siku ya kwanza watu wanakuja wenyewe. Mi naongelea Jumanne ya mvua mwezi wa nne ambayo hakuna anayepiga picha, siku hiyo ndo mashine inahesabu.

Mimi ya kwangu nimeshaituma. Nimeandika Ijumaa, saa moja na nusu jioni, watu saba, sita wamekula mmoja amekula mkate. Meneja aliniambia maoni ya tawi lake huwa anayasoma mwenyewe kabla hayajapanda juu, akanipa na karatasi ya oda niandike kwa mkono, nikaandika "baga ya maharage, bila mayonezi, bei isiyozidi ya nyama", akaikunja akaiweka mfuko wa shati. Wifi ananiambia Ijumaa hii watoto wanataka kurudi palepale. Nimewaambia tutarudi, ila safari hii anayeuliza kaunta ni yule wa miaka saba.